Bibi Octavia Hill na Bustani za Nyuma ya Nyumba

Mwezi huu tunawaletea habari za maisha ya Bibi Octavia Hill, Mwingereza aliyefariki mwaka 1912. Huko kwao jina lake linajulikana kwa mambo mawili makubwa: alizitengeneza nyumba za maskini wa London, na alikuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha shirika kubwa la kutunza ardhi na majengo ya kale kwa faida ya taifa zima. Sisi tumemchagua kwa ajili ya jambo la tatu, ambalo ni dogo kuliko hayo mawili, lakini linatugusa sisi tulioko Kasulu na Kibondo. Bibi huyu alionyesha jinsi kipande cha ardhi kilicho nyuma ya nyumba za watu wengi, kisichotunzwa na mtu, kilichojaa takataka na maji machafu, kinavyoweza kuwa bustani ya majirani wote.

Jambo hili tunalijua vizuri. Zamani Mha alijenga mji wake katikati ya migomba, na jirani alikuwa mbali kidogo, ng'ambo ya mibuni yake. Vijiji vya miaka ya 1970 vilitusogeza karibu na kutupanga kando ya barabara, na siku hizi viwanja vya mjini vimezidi kutubana. Kila mmoja anafagia mbele ya mlango wake. Lakini kile kipande cha nyuma, ambako uani kwa huyu kunakutana na uani kwa yule, nani anakifagia? Mara nyingi ndipo tunapotupa maganda na majivu, ndipo mbuzi wanapofungwa, na ndipo ugomvi wa mipaka unapoanzia. Tumsikilize basi mtu aliyelishughulikia jambo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini.

UTOTO WAKE

Octavia alizaliwa tarehe 3 Desemba 1838 katika mji mdogo wa Wisbech, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Bwana James Hill, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na mwenye benki. Octavia alikuwa binti wa nane wa baba huyo, na jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya nane. Nyumba ilikuwa na neema, lakini neema hiyo haikudumu. Mwaka 1840 baba alifilisika, kisha akapatwa na ugonjwa wa akili, asiweze tena kuitunza jamaa yake. Mzigo ukamwangukia mama, Bibi Caroline, akisaidiwa na baba yake mzazi, Daktari Thomas Southwood Smith.

Babu huyo alikuwa tabibu katika hospitali ya wagonjwa wa homa mjini London. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuiambia serikali wazi kwamba homa zilizowaua maskini zilitokana na uchafu, mifereji mibovu na msongamano wa watu katika vyumba visivyo na hewa. Octavia alikua akizisikia habari hizo nyumbani, wala hakuzisahau.

Mwaka 1852 mama alipata kazi ya kusimamia chama cha ushirika cha wanawake mafundi mjini London. Octavia, ambaye hakuwa ametimiza miaka 14, akapewa chumba kimoja cha kusimamia. Humo watoto kutoka shule za mafukara walitengeneza vyombo vidogo vya nyumba za wanasesere, yaani viti, meza na vitanda vya kuchezea. Yeye ndiye aliyegawa kazi, akashika hesabu na kulipa ujira. Lakini hakutosheka na hayo. Mtoto asipofika kazini alimfuata kwao, na huko akaona jamaa nzima wakiishi katika chumba kimoja chenye unyevu. Siku za mapumziko aliwachukua watoto wale kutembea nje ya mji, penye nyasi na vilima. Akajionea jinsi mtoto anavyobadilika akipata mahali pa kukimbia.

Katika miaka hiyo alikutana na watu wawili waliomjenga. Wa kwanza ni Mchungaji Frederick Denison Maurice wa Kanisa la Anglikana, aliyefundisha kwamba imani ya Mkristo lazima ionekane katika jinsi anavyoishi na jirani yake maskini. Kwa mafundisho yake Octavia aliingia katika Kanisa hilo na kudumu humo maisha yake yote. Wa pili ni Bwana John Ruskin, mwandishi maarufu wa mambo ya sanaa, aliyemwajiri kunakili picha kwa miaka mingi.

NYUMBA TATU ZA MARYLEBONE

Baba yake Ruskin alifariki mwaka 1864 akamwachia mwanawe mali nyingi. Octavia akamweleza Ruskin haja yake ya siku nyingi, kwamba apate nyumba za wapangaji maskini azisimamie yeye mwenyewe. Ruskin akakubali. Mwaka 1865 alinunua nyumba tatu katika eneo la Marylebone kwa paundi 750. Mahali penyewe paliitwa Paradise Place, maana yake Mahali pa Paradiso, ingawa hapakuwa na dalili ya paradiso. Ruskin aliweka sharti moja tu, kwamba fedha zake zimrudishie faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Hakufanya hivyo kwa uchoyo. Alijua kwamba kazi ile ikijilipa yenyewe, watu wengine wenye fedha wangeifuata; ikiwa ni sadaka tu, ingekufa pamoja na mtoaji.

Hali aliyoikuta Octavia ilitisha. Plasta ilikuwa ikibanduka ukutani. Ngazi zilikuwa na giza, na mbao za kushikia zilikwisha kutolewa na kuchomwa kama kuni. Siku moja vioo vya madirisha vilihesabiwa, na katika vioo 192 ni 8 tu vilivyokuwa vizima. Sakafu ya uani ilikuwa imevunjika, madimbwi yametuama, na unyevu ukapanda ukutani. Pipa la maji lilikuwa moja, chafu na lenye kuvuja. Asiyekuwa na chombo cha kukingia maji yalipofunguliwa alikaa bila maji siku hiyo.

Tuangalie alivyoanza, kwa maana hapa ndipo penye siri ya kazi yake. Kwanza, alikwenda mwenyewe kila wiki kupokea kodi, mlango kwa mlango. Hakumtuma mtu. Kwa njia hiyo alimjua kila mpangaji kwa jina, akajua nani mgonjwa, nani hana kazi, na mtoto gani haendi shule. Pili, alidai kodi ilipwe kwa wakati, naye kwa upande wake akatimiza wajibu wa mwenye nyumba bila kuchelewa. Tatu, kila mwaka alitenga fedha za matengenezo kwa kila nyumba. Kama wapangaji hawakuvunja kitu, fedha zilizobaki zilitumika kwa jambo walilolichagua wenyewe: rafu, jiko la kufulia, au rangi ukutani. Watu waliozoea kuvunja wakaanza kulinda, kwa sababu sasa kila kioo kilichovunjika kiliwapunguzia chao. Nne, mafundi waliokosa kazi aliwapa kazi ya kutengeneza nyumba zile zile, na wasichana wakubwa aliwalipa kusugua ngazi na njia. Msichana aliyekwisha kusugua ngazi hakukubali mtu mwingine aichafue ovyo.

Nyuma ya nyumba yake mwenyewe, alikoishi na mama na dada zake, palikuwa na chumba kikubwa. Hicho alikifanya mahali pa mikutano ya wapangaji, wanawake wakaja kushona na wavulana kujifunza. Hivyo hata yeye sehemu yake ya nyuma aliitoa kwa matumizi ya majirani.

UWANJA WA KWANZA

Mwaka 1866 Ruskin alinunua nyumba nyingine karibu na zile za kwanza, mahali paitwapo Freshwater Place. Nyumba hizo zilitazamana na kipande cha ardhi kilichoachwa kama ukiwa. Palikuwa na mabanda mabovu ya ng'ombe, malundo ya samadi, mbao kuukuu na takataka za kila namna. Watoto wa mitaa hiyo hawakuwa na mahali pengine pa kuchezea ila hapo na barabarani.

Octavia aliviondoa vyote. Uwanja ukasafishwa na kusawazishwa, miti ikapandwa, na mimea itambaayo ikapandishwa ukutani. Kisha uwanja ukafunguliwa kwa ajili ya watoto na mama zao. Lakini tusidhani kwamba alifungua lango akaenda zake. Mabibi waliojitolea walifika alasiri za Jumamosi kuwafundisha watoto michezo, kwa kuwa wengi walijua kupigana tu. Kila mwezi wa Mei palifanyika sikukuu, uwanja ukapambwa maua, na wapangaji wakakaa pamoja kama watu wa nyumba moja.

Habari zikaenea. Wenye fedha wengine wakampa nyumba zao azisimamie, na ilipofika mwaka 1874 alikuwa na makazi ya namna hiyo 15, yenye wapangaji wapatao 3,000. Kazi ilimzidi mtu mmoja, basi akawafundisha wanawake wengine kuifanya kwa utaratibu ule ule wa kila wiki. Penye nafasi, hata kama ni kidogo, alipanda kitu.

Wakati huo akaanza kuandika juu ya haja ya watu wa mjini kupata nafasi za wazi. Alizigawa nafasi hizo katika makundi manne: mahali pa kukaa, mahali pa kuchezea, mahali pa kutembea, na mahali pa kushinda siku nzima. Mabwana wengi wa siku zake walifikiria hayo mawili ya mwisho, yaani bustani kubwa za mji na misitu ya nje. Octavia alisema hayo ni mema, lakini mama mwenye mtoto mchanga na chungu jikoni hawezi kwenda mwendo wa saa nzima ili avute hewa. Huyo anahitaji mahali pa kukaa hatua chache kutoka mlangoni pake, penye mti na benchi, awe kama yuko sebuleni kwake ila bila dari. Basi kwa maoni yake kipande kidogo kilicho karibu kina thamani kuliko bustani kubwa iliyo mbali.

ALIPOSHINDWA

Mwaka 1875 alijaribu kuyaokoa mashamba ya Swiss Cottage, yaliyokuwa nafasi ya wazi iliyo karibu zaidi na mitaa ya maskini wake. Zilihitajika paundi 10,000. Akaandika barua usiku na mchana, na kwa muda wa majuma machache watu waliahidi zaidi ya paundi 8,000. Ndipo wenye ardhi wakabadili nia. Mashamba yakajengwa nyumba, na mpaka leo ni mitaa ya nyumba.

Miaka iliyofuata ilimwongezea machungu. Uchumba wake ulivunjika, yeye na Ruskin wakakosana, na Ruskin akamshambulia katika gazeti lake mbele ya watu wote. Afya yake ikaanguka, akalazimika kuacha kazi na kusafiri nchi za nje kupumzika. Aliyemtunza safarini, Bibi Harriot Yorke, alikuwa mwenzake tangu hapo hadi kifo.

Lakini kushindwa kule Swiss Cottage kulimfundisha jambo moja. Ardhi ya wazi isiyo na mtetezi, wala hati, hailindwi na uzuri wake. Siku yoyote itapata mnunuzi. Tangu hapo hakuacha kuwatafuta wanasheria. Aliyemsaidia kuliko wote ni Bwana Robert Hunter, mwanasheria wa chama kilichotetea ardhi za matumizi ya wote.

VIWANJA VYA MAKABURI

Dada yake, Bibi Miranda Hill, alianzisha katika miaka hiyo chama cha kuwaletea maskini mambo mazuri: bustani, muziki na picha. Kiliitwa Kyrle Society, kwa heshima ya John Kyrle wa mji wa Ross, ambaye zamani aliwatengenezea wenyeji bustani ya kutembelea. Octavia akawa mtunza hazina wake, na Bwana Hunter akashauri upande wa sheria.

London ilikuwa na viwanja vingi vya makaburi vilivyokwisha kujaa na kufungwa, vingi kando ya makanisa. Vilikuwa katikati ya mitaa yenye msongamano, milango imefungwa kwa minyororo, magugu na paka wamejaa ndani. Octavia na wenzake waliwaomba wachungaji na wazee wa makanisa wavifungue. Hawakutaka makaburi yadharauliwe. Walitaka mawe yahifadhiwe kwa heshima, miti ipandwe, mabenchi yawekwe, na wazee wapate pa kukaa. Makanisa mengine yalikubali, mengine yakakataa. Mwaka 1881 Bunge lilitunga sheria iliyorahisisha kukabidhi viwanja hivyo kwa halmashauri za mitaa ili vitunzwe kama bustani, na mwaka 1884 likapiga marufuku kujenga nyumba juu ya makaburi yaliyofungwa. Leo mtu akitembea London ya kale ataziona bustani ndogo nyingi za namna hiyo kando ya makanisa.

SOUTHWARK

Mwaka 1884 Tume iliyosimamia mali za Kanisa la Uingereza ilimwomba Octavia asimamie baadhi ya nyumba zake huko Southwark, kusini mwa Mto Thames. Ni jambo la kusema kweli kwamba Kanisa lenyewe lilikuwa mwenye nyumba mbovu hizo, na wapangaji wake waliishi vibaya. Octavia alikubali, na katika mitaa hiyo akafanya kazi iliyo nzuri kuliko zote za mkono wake.

Palikuwa na kiwanja penye mabaki ya kiwanda cha karatasi kilichoungua. Karatasi zilizoungua nusu zilikuwa zimerundikana kiasi kwamba iliwachukua wiki sita kuzichoma zote. Baadaye udongo ukaletwa. Ikatengenezwa bustani yenye njia za kuzunguka, majani, maua, bwawa dogo lenye chemchemi, jukwaa la wapiga muziki, na mahali pa watoto penye paa kwa ajili ya siku za mvua. Kando yake zikajengwa nyumba ndogo za wafanyakazi zinazoitazama bustani, pamoja na ukumbi wa mikutano, vyote vikichorwa na Bwana Elijah Hoole. Bustani hiyo iliitwa Red Cross Garden kwa jina la mtaa uliopo hapo, wala haihusiani na shirika la Msalaba Mwekundu. Ilifunguliwa na Askofu Mkuu wa Canterbury, Edward Benson, mwezi wa Juni mwaka 1888.

Ndani ya ukumbi zilitundikwa picha kubwa, na picha hizo hazikuwa za wafalme wala majemadari. Zilionyesha matendo ya ushujaa ya watu wa kawaida. Mmoja wao ni Alice Ayres, mtumishi wa nyumbani hapo hapo Southwark, ambaye mwaka 1885 nyumba ilipowaka moto aliwatoa dirishani watoto watatu wa dada yake, mmoja baada ya mwingine, kisha yeye mwenyewe akaanguka na kufa kwa majeraha. Wapangaji walioingia ukumbini walimwona mtu wa mtaa wao amepewa heshima. Octavia aliona kwamba watu wakijiheshimu watapaheshimu pia mahali pao.

MAPUNGUFU YAKE

Tungekosa haki kama tungemchora kama malaika. Octavia alikuwa mkali. Mpangaji asiyelipa aliondolewa, na wapo walioona kwamba jicho lake la kila wiki lilikuwa zito mno juu ya maisha yao. Huko Deptford, ambako nyumba zilikuwa nyingi na watu wenye taabu zaidi, utaratibu wake haukufaulu kama kule Marylebone. Alipinga halmashauri za miji kujenga nyumba za kupangisha, akiamini kwamba zitapoteza ile hali ya kujuana mtu na mtu. Baada ya kufa kwake ilionekana kwamba maskini wa miji mikubwa walikuwa wengi mno kuweza kupewa nyumba na watu wenye moyo mwema peke yao. Tena, ingawa yeye mwenyewe alishika kazi kubwa kuliko wanaume wengi, na mwaka 1905 akateuliwa katika Tume ya Kifalme ya kuchunguza sheria za maskini, alipinga wanawake kupewa kura ya Bunge. Watu waliompenda walisikitika kwa hilo.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Tarehe 12 Januari 1895, Octavia, Bwana Hunter na Kanoni Hardwicke Rawnsley, kasisi wa Anglikana, waliandikisha shirika liitwalo National Trust. Kazi yake ni kushika ardhi na majengo kwa niaba ya taifa, yasiuzwe tena kwa mtu binafsi. Ndilo jibu lao kwa msiba kama ule wa Swiss Cottage. Mwaka huo huo walipewa ardhi ya kwanza, kilima cha Dinas Oleu huko Wales, na mwaka 1896 wakanunua nyumba ya kale ya mapadre kijijini Alfriston kwa paundi 10. Leo shirika hilo lina wanachama zaidi ya milioni 5.

Octavia alifariki nyumbani kwake Marylebone tarehe 13 Agosti 1912, akiwa na miaka 73. Alitolewa nafasi ya heshima katika Kanisa la Westminster Abbey, wanapozikwa wafalme, lakini mwenyewe alikuwa ameagiza azikwe kijijini Crockham Hill, Kent, karibu na dada yake Miranda. Ndivyo ilivyofanyika.

Na ile bustani ya Southwark? Baada ya miaka mingi ilipoteza uzuri wake. Katika karne ya ishirini bwawa lilifukiwa na maua yakaondolewa, pakabaki uwanja mtupu wa nyasi na lami. Wakazi wa mitaa hiyo na chama cha bustani cha hapo wakachangishana, wakatafuta michoro na picha za zamani, wakaitengeneza upya kama ilivyokuwa. Ilifunguliwa tena mwaka 2006, na watu wanaitumia hadi leo. Kwa hiyo bustani ya jumuiya hufa mikono inapoondoka, na hufufuka mikono inaporudi.

SISI TUJIFUNZE NINI?

Mtu atasema, hayo ni ya London, na sisi tuko kwenye nyanda za juu za Kigoma, kuna mvua na udongo, na mti unaota hata usipopandwa. Ni kweli. Lakini shida ya Octavia haikuwa udongo. Alitafuta jibu la swali moja: kilicho cha wote kitatunzwa na nani? Na majibu yake yanatufaa.

Kwanza, tuanze na kidogo kilicho karibu. Nyumba nne au tano zinazopakana kwa nyuma zikikubaliana juu ya kipande kimoja, hicho chatosha kwa mparachichi mmoja wa kivuli, benchi la mti, mahali pa watoto kuchezea wakionwa na mama zao, na matuta machache ya mchicha.

Pili, tupatane kabla ya kupanda. Matunda ni ya nani? Mbuzi watafungwa wapi? Maji ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, atachota nani na siku gani? Ugomvi mwingi wa ujirani hutokana na mambo ambayo hayakusemwa mapema. Ule utaratibu wa kuwaachia wapangaji wenyewe waamue juu ya fedha zilizobaki unatufundisha hapa. Wenye nyumba hizo tano waamue pamoja maembe yauzwe au yaliwe, na fedha zinunue nini.

Tatu, awepo mtu wa kila wiki. Jambo hili ndilo kubwa kuliko yote katika maisha ya Octavia. Siku ya kupanda miti huja watu wengi, na nyimbo huimbwa. Wiki ya kumi hayupo mtu, na miche imekauka. Afadhali mtu mmoja anayepita kila Jumamosi kwa miaka kumi kuliko watu mia moja wa siku moja. Wanawake wa Umoja wa Akina Mama na vijana wetu wanaweza kupokezana zamu hiyo.

Nne, tuandikishe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji kinaweza kutenga ardhi kwa matumizi ya wote, na Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye kuisimamia. Mijini, ramani za mipango huonyesha maeneo ya wazi. Tukiwa na nafasi ya wazi tunayoipenda, tuulize mapema imeandikwa vipi. Tukingoja mpaka matofali yamwagwe hapo, yatatupata yale ya Swiss Cottage.

Tano, Kanisa lisijitoe. Octavia aliwagongea wachungaji milango ili viwanja vya makanisa vifunguliwe, na alikuta Kanisa lenyewe likiwa mwenye nyumba mbovu. Makanisa yetu mengi yana viwanja vikubwa kuliko kiwanja cha jirani yeyote. Je, nyuma ya kanisa letu kuna nini? Kama kuna kichaka na shimo la takataka, tutawezaje kumshauri jirani juu ya uani kwake? Wazee wa kanisa na walizungukie jengo siku moja baada ya ibada, wapite upande ule ambao wageni hawapitishwi, kisha wakae chini waseme walichokiona na nani ataanza wiki ijayo.

Octavia hakuwa na mali, hakuwa na cheo, wala hakuwa na afya nzuri. Alikuwa na nyumba tatu za mtu mwingine na uwanja uliojaa samadi. Sisi wa Kasulu na Kibondo tuna zaidi ya hayo. Mvua zitakapoanza, miche iwe tayari, na majirani wawe wamekwisha kupatana.